Mtoto Amechanjwa, Malaria Imerudi

Jirani yangu hapa Nyalenda, Kisumu, alinikuta jioni moja nikisahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Hakungoja nimkaribishe. Aliweka kijitabu cha kliniki cha mwanawe juu ya meza, akafungua ukurasa wa chanjo, akagonga kwa kidole pale palipoandikwa malaria: sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zina tarehe. Kisha akatoa mfukoni pakiti ya AL, dawa ya malaria, iliyobaki nusu. Mtoto alikuwa amepimwa jana yake, na kipimo kikasema malaria.

"Mwalimu, wewe ndiye wa Bayolojia. Walimdunga maji?"

Nilimpa majibu ya mwalimu aliyechoka: kwamba hakuna chanjo ya asilimia mia, kwamba mtoto alale ndani ya neti. Akanitazama tu. "Corona walipata chanjo kwa mwaka mmoja," akasema, "na hii malaria imetuzika tangu enzi za mababu." Alipoondoka niliona kwamba maswali yake mawili kwa kweli ni swali moja, kwa nini chanjo ya malaria ni ngumu kupatikana na ikipatikana haikingi kabisa, na kwamba sikuwa nimelijibu.

Jibu la kijiweni nalijua, na mimi mwenyewe nililiamini miaka mingi: malaria ni ugonjwa wa maskini, kwa hiyo wenye pesa hawakujali. Lina ukweli wake, nami nitalifikia. Lakini hata kama pesa zingemwagwa kama mvua ya masika, kimelea hiki kingewatoa wanasayansi jasho.

Anza na surua, ambayo chanjo yake kila mama anaijua. Virusi vya surua vina jeni sita. Sita tu. Kimelea kinacholeta malaria yetu ya huku ziwani, Plasmodium falciparum, kina jeni zipatazo 5,300 katika kromosomu 14. Ramani yake nzima ilichapishwa mwaka 2002. Mwanadamu ana kama 20,000. Yaani kiumbe cha seli moja, kisichoonekana bila darubini, kinabeba karibu robo ya maelekezo yanayotosha kumjenga mtu. Mtengeneza chanjo kazi yake ni kuchagua sehemu ya adui, mara nyingi protini moja au mbili, ambayo mwili ukifunzwa kuitambua utamshinda adui mzima. Kwa surua ni kama kuchagua chungwa katika kapu la machungwa sita. Kwa malaria ni kuingia soko la Kibuye siku ya Jumapili ukiambiwa kuna mtu mmoja humo unayepaswa kumkamata, na hukupewa jina wala sura.

Hata hivyo, wingi wa jeni si tatizo kubwa zaidi. Tatizo kubwa ni kwamba hakuna wa kuigwa. Mtoto akiugua surua akapona, haugui tena maisha yake yote. Mwili wenyewe umeshaonyesha kwamba inawezekana, na chanjo inauiga tu bila kumpitisha mtoto katika hatari. Corona nayo, kwa vishindo vyake vyote, iliachia waliopona kinga ya kiasi fulani, na protini ya kulenga ilikuwa inajitokeza juu ya kirusi kama miiba. Malaria haijamwachia mtu yeyote kinga kamili. Mkulima wa Kombewa aliyeumwa na mbu tangu azaliwe haanguki kitandani kwa malaria kama mtoto wake, lakini ukimpima damu unaweza kukuta vimelea vinatembea humo, naye analima tu. Mwili wake umejifunza kuishi na adui. Kumfukuza haujajifunza.

Na hata hicho kidogo alichojifunza kina masharti. Dadangu aliolewa Nakuru, mji ulio juu, wenye baridi, ambako malaria ni ya nadra. Wanawe wakija Disemba hucheza na binamu zao wa hapa, huogelea nao, hulala nao chumba kimoja. Wiki mbili baadaye wa Nakuru wanatetemeka chini ya mablanketi matatu. Wa hapa wanauliza kama wanaweza kula chapati zao. Dadangu mwenyewe, aliyekulia hapa na kuugua malaria utotoni mara zisizohesabika, sasa huugua karibu kama wanawe. Kinga ya malaria hujengwa kwa kuumwa mara nyingi, miaka mingi, na ukikaa mbali na mbu kwa muda hupungua. Hebu fikiria unaombwa utengeneze sindano tatu au nne zitakazofanya kazi ambayo mwili wenyewe, kwa miaka ishirini ya mazoezi, hauimalizi.

Kwamba kuna kitu cha kutafuta, hilo lilijulikana zamani. Mwaka 1961 watafiti nchini Gambia walichukua kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, kutoka katika damu ya watu wazima waliokulia penye malaria, wakawadunga watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua mno katika damu ya watoto hao. Kinga ilikuwa humo ndani ya zile kingamwili. Lakini damu ya mtu mzima ina kingamwili za kila aina dhidi ya maelfu ya protini za kimelea, na ni zipi hasa zilizofanya kazi? Zaidi ya miaka sitini imepita, na ubishi bado upo.

Adui mwenye sura tatu

Sasa tufuate safari ya kimelea, maana hapo ndipo mambo yanapochangamka. Darasani hutumia vipindi viwili kwa hili, na bado wanafunzi huchanganya hatua wakati wa mtihani. Siwalaumu.

Mbu jike wa Anofelesi anapouma huingiza pamoja na mate yake vimelea makumi machache tu, vyembamba kama uzi, viitwavyo sporozoiti. Vinapenya ngozi, vinatafuta mshipa wa damu, vinakimbilia ini. Baadhi huwa vimefika ndani ya saa moja. Katika hatua hii ndipo vilipo vichache kuliko wakati mwingine wowote, na ndiyo maana chanjo tulizo nazo leo zinavizia hapa hapa. Ni kama askari wa trafiki pale Kondele wameambiwa wasimamishe kila matatu inayopita kwa saa moja. Magari ni machache, kazi inawezekana. Ila hapa hairuhusiwi kukosa hata moja.

Kwa sababu sporozoiti moja ikifika kwenye ini inatosha. Inaingia ndani ya seli, inajificha kama wiki moja bila mtu kuhisi chochote, na inajizidisha hadi kuwa makumi ya maelfu. Sisi wa Kisumu tuna mfano wetu wa jambo hili: gugu maji. Unaweza kuling'oa gugu kwa mashine na mikono mpaka maji ya Ghuba ya Winam yaonekane, lakini ukiacha mashina machache tu, rudi baada ya muda uone kama utapata mahali pa kupitisha mtumbwi. Kwa hiyo chanjo inayozuia asilimia 90 ya sporozoiti, ambayo kwa magonjwa mengine ingesifiwa, hapa inaweza kumwacha mtoto akiugua vilevile, amechelewa siku moja au mbili tu.

Zile zinazotoka kwenye ini zimebadilika umbo. Sasa zinaitwa merozoiti, na nyingi ya protini zilizo juu yao ni tofauti kabisa na zile za sporozoiti. Mwili uliofunzwa kuitambua sura ya kwanza hauijui ya pili. Merozoiti huingia ndani ya chembe nyekundu za damu kwa muda usiozidi dakika moja au mbili, hula humo, huzaana, hupasua chembe na kutoka, kila baada ya saa 48 hivi. Huko kupasuka ndiko kunakoleta homa na kutetemeka, na ndiko kunakommaliza mtoto damu. Kingamwili zinazotaka kuikamata merozoiti zina hizo dakika moja au mbili. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Kikiwa ndani ya chembe ya damu, kimelea hutoa protini ya kunata na kuibandika juu ya chembe hiyo, ili chembe ishike ukuta wa mshipa isipelekwe kwenye wengu na kuharibiwa. Protini hiyo inaonekana kwa nje, na mwili huiona na kuanza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Basi kimelea hubadilisha. Kina jeni kama 60 za kutengeneza protini hiyo, kila moja tofauti na nyingine, na hutumia moja kwa wakati. Ni kama mtu mwenye leso 60 sandukuni: leo ametoka na ya maua, na askari wakishaizoea atatoka na ya mabaka. Na vimelea vya kijiji cha pili vina sanduku lenye leso nyingine.

Hatua ya tatu ni ile inayochukuliwa na mbu anapouma tena, iitwayo gametositi. Hiyo haimuumizi mgonjwa, inasubiri tu usafiri.

Sura tatu, basi. Chanjo inayolenga moja haiwezi kutegemea chanjo za hatua nyingine ziisaidie, kwa sababu hazipo.

Yaliyojaribiwa hapa hapa

Watu wengi wa Nyanza hawajui ni majaribio mangapi ya chanjo ya malaria yamepita kwenye vijiji vyao. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na washirika wao wa Marekani wamefanya kazi Kisian, Siaya na Kombewa kwa miongo kadhaa, na baadhi ya masomo makubwa kuhusu kwa nini chanjo hazifanyi kazi yametoka hapa, si maabara ya Ulaya.

Kombewa kulijaribiwa chanjo iliyolenga merozoiti. Ilitumia kipande cha protini iitwayo MSP1, ambayo kila mtu aliitarajia makuu. Watoto 400 wenye umri kati ya mwaka mmoja na minne walishiriki. Nusu walipewa chanjo hiyo, na nusu nyingine chanjo ya kichaa cha mbwa ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kingamwili zilipanda vizuri sana katika damu ya watoto waliochanjwa, kama vitabu vinavyotaka. Na waliugua malaria sawasawa na wenzao. Mimi nikiwafundisha wanafunzi kwamba kingamwili nyingi ni kinga nyingi, huwa nakumbuka Kombewa na kupunguza sauti.

Kuna njia nyingine, ya kupuuza protini mojamoja na kutumia kimelea kizima kilichodhoofishwa. Wazo hili lina nguvu. Mwaka 1967 ilionyeshwa kwamba sporozoiti zilizopigwa mionzi huwakinga panya, na miaka ya 1970 ikaonyeshwa kwa binadamu, isipokuwa mtu alihitaji kuumwa na mbu waliopigwa mionzi zaidi ya elfu moja. Hakuna mama atakayekubali hilo, hata kama mbu hao ni wa serikali. Baadaye kampuni moja ya Marekani ilipata njia ya kufuga mbu katika mazingira safi, kuwapasua mmoja mmoja, kuwatoa sporozoiti kwenye tezi za mate na kuzihifadhi katika baridi kali ya nitrojeni ya majimaji. Kwa watu wazima wa nchi zisizo na malaria ilifanya kazi vizuri. Ikaletwa Siaya, watoto wachanga 336 wa miezi 5 hadi 12, sindano ndani ya mshipa. Matokeo ya mwaka 2021: baada ya miezi sita hapakuonekana kinga ya maana. Sababu moja inayotajwa ni kwamba chembe za kinga ambazo chanjo hii inazitegemea hazijakomaa kwa watoto wadogo hivyo. Yaani wale hasa wanaokufa kwa malaria ndio miili yao haiwezi kuitumia chanjo hiyo.

Kabla ya kufika kwa watoto, chanjo nyingi hujaribiwa kwa watu wazima wanaojitolea kuumwa na mbu watano wenye vimelea, kisha hupimwa kila siku na kutibiwa mara malaria inapojitokeza. Njia hii inasaidia kwa sababu falciparum haiambukizi panya wa maabara. Lakini mtu mzima wa Ulaya aliyeumwa na mbu watano mara moja si mtoto wa Ahero anayeumwa usiku baada ya usiku kando ya mashamba ya mpunga.

Sindano yenyewe

Chanjo iliyo kwenye kijitabu cha jirani yangu ilianza kuundwa mwaka 1987, na kampuni iitwayo GSK siku hizi, pamoja na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed. Jeshi, ndiyo. Wanajeshi wao walikuwa wakiugua malaria ng'ambo. Inaitwa RTS,S, jina ambalo mtu wa sokoni asingelipa mtoto wake. Inachukua kipande cha protini inayofunika sporozoiti, sehemu yenye maneno manne ya kikemia yanayojirudia kama kiitikio, na kukibandika kwenye protini ya virusi vya homa ya ini ya B, kwa sababu hiyo ya pili mwili huiona haraka. Yote hutengenezwa ndani ya hamira, ndugu wa ile ya mkate. Halafu huongezwa kichocheo cha kuamsha kinga, ambacho sehemu yake hutoka kwenye magome ya mti wa Chile yanayotoa povu kama sabuni. Bila kichocheo hicho mwili huipuuza chanjo.

Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba watu sita kati ya saba waliojitolea walikingwa. Watu walishangilia. Mwaka uliofuata ikajaribiwa kwa wanaume nchini Gambia: wiki tisa za kwanza ilizuia maambukizi kwa asilimia 71, wiki sita zilizofuata, sifuri. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo halijatatuliwa hadi leo. Kwa kuwa sporozoiti haipewi nafasi ya kukosewa, kingamwili zinatakiwa ziwe nyingi mno katika damu wakati wote, na mwili hauna desturi ya kubaki na silaha nyingi hivyo zikiwa tayari kwa adui asiyeonekana.

Kuna kingine kinachonifurahisha na kunikasirisha kwa pamoja. Kimelea kilichotumika kama kielelezo cha chanjo hii kinatokana na mgonjwa aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Amsterdam; inaaminika mbu aliyemuuma alisafiri kwa ndege. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mtoto akiumwa na mbu mwenye vimelea vinavyofanana na kielelezo hicho, chanjo inapunguza malaria kwa kama asilimia 50 katika mwaka wa kwanza. Vikiwa tofauti, kama asilimia 33. Na vimelea vingi vya Afrika ni tofauti. Haikufanywa kwa ubaya, ndicho kilichokuwa kikifugwa maabara. Lakini ndivyo ilivyo.

Jaribio kubwa liliendeshwa mwaka 2009 hadi 2014, watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Kenya ilikuwa na vituo vitatu: Kilifi, Siaya na Kombewa. Watoto waliochanjwa kuanzia miezi 5 hadi 17 na kupata sindano ya nne waliugua malaria pungufu kwa asilimia 36 katika miaka minne. Wachanga wa wiki 6 hadi 12, asilimia 26 katika miaka mitatu hivi.

Sasa hiyo 36. Namba hii imeharibu majadiliano kuliko namba nyingine yoyote ninayoijua. Jirani yangu aliisikia redioni na kuelewa kwamba kati ya watoto 100, 36 hawataugua kabisa na 64 walichomwa bure. Si hivyo. Inahesabu vipindi vya ugonjwa, si watoto. Katika eneo hili mtoto anaweza kuugua malaria mara mbili au tatu kwa mwaka. Kama bila chanjo angeugua mara kumi katika miaka minne, kwa wastani ataugua sita au saba. Ndiyo, umeona bado anaugua, na umeona sawa. Usichoweza kuona ni zile tatu au nne ambazo hazikuja, kwa sababu ugonjwa usiokuja haugongi mlango kuaga. Jaribio lilihesabu kwamba kila watoto 1,000 waliopata sindano nne walizuiliwa vipindi 1,774 vya malaria. Wanafunzi wangu huniuliza inawezekanaje watoto 1,000 wapungukiwe na wagonjwa 1,774. Inawezekana pale tu ambapo mtoto mmoja huugua tena na tena, na Siaya, ambako waliugua mara nyingi mno, vipindi vilivyozuiwa vilipita wastani huo kwa mbali. Chanjo dhaifu penye ugonjwa mwingi huokoa wengi kuliko chanjo kali penye ugonjwa haba.

Jaribio lilileta pia hofu. Miongoni mwa waliochanjwa kulionekana visa vingi zaidi vya homa ya uti wa mgongo na malaria ya kupanda kichwani, na wasichana waliokufa walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Huenda ilikuwa bahati tu, kama mtu anavyoweza kurusha sarafu ikaanguka upande mmoja mara saba. Lakini hukisii juu ya watoto. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halikuiruhusu kila mahali mara moja. Liliagiza majaribio ya utekelezaji katika Malawi, Ghana na Kenya, na hapa yakazinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, katika kaunti nane za magharibi: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Kaunti ndogo ziligawanywa kwa kura. Baadhi zilianza na nyingine zikangoja ili kulinganishwa. Mama wa upande huu wa mto akapata, wa ng'ambo asipate, na maelezo waliyopewa hayakutosha, hilo nalisema wazi. Kufikia mwaka 2023 karibu watoto milioni mbili katika nchi tatu walikuwa wamefikiwa. Zile hofu tatu hazikuthibitika. Vifo vya watoto wenye umri wa kuchanjwa, vya sababu zote ukiondoa ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Oktoba 2021 shirika lilikuwa limeshatoa idhini ya matumizi mapana. Tangu 1987 hesabu miaka 34.

Pesa, na mwezi wa saba

Sasa suala la kijiweni. Chanjo ya corona ilikuwa na wateja matajiri waliolipa kabla haijatengenezwa. Ya malaria, wanaoihitaji zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano wa Afrika, ambao ndio robo tatu ya vifo vya malaria barani, na hakuna kampuni inayotajirika kwao. RTS,S ilisonga mbele kwa sababu tangu mwaka 2001 fedha za hisani ziliingia kubeba mzigo. Na ilipoidhinishwa, dozi hazikutosha: zile milioni 18 zilizogawiwa kwa miaka ya 2023 hadi 2025 zilipaswa kutosheleza nchi 12. Chanjo ya pili, R21, ya Chuo Kikuu cha Oxford na Serum Institute ya India, iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023 kwa bei ya dola 2 hadi 4 kwa dozi, na inaweza kutengenezwa kwa wingi zaidi. Ni binamu wa RTS,S. Inalenga protini ileile, hivyo inarithi udhaifu uleule wa kufifia.

Utasikia ikisifiwa kwa asilimia 75. Namba hiyo ni ya sehemu kama Burkina Faso na Mali, ambako malaria ina msimu mmoja mkali na watoto hudungwa kabla tu ya mvua, kingamwili zikiwa kileleni mbu wanapoanza kazi. Katika vituo vilivyodunga kwa ratiba ya umri bila kufuata msimu, Kilifi ikiwemo, ilikuwa 68 kwa mwaka wa kwanza. Sisi wa ziwani malaria yetu haina likizo. Hupanda baada ya mvua ndefu, hushuka kidogo, hupanda tena baada ya vuli. Hakuna mwezi wa kumvizia.

Kuna pia jambo la kalenda, ambalo wanasayansi hulisema kwa sauti ndogo lakini manesi hulisema kwa sauti kubwa. Kwa kuwa wachanga hawanufaiki sana, chanjo haikuweza kuingizwa katika ziara za wiki 6, 10 na 14 ambazo kila mama anazijua. Kenya ilipanga miezi 6, 7, 9 na 24. Wa tisa una surua, kwa hiyo watu huja. Mwezi wa saba hauna chanjo nyingine yoyote: ni nauli ya boda, siku nzima ya kibanda kufungwa, kwa sindano moja. Na miezi 24 ni mbali. Mtoto anakimbia, anaongea, hana sababu ya kwenda kliniki, kijitabu kimeshapotea au kimechorwa kalamu. Wahudumu wa afya ya jamii hutembea nyumba kwa nyumba kuwakumbusha, na bado dozi hii ya nne ndiyo inayokosekana zaidi. Huku ndiyo inayoinua kinga iliyokwisha kushuka. Katika jaribio kubwa, waliokosa sindano ya nne walipungukiwa na malaria kwa asilimia 28 badala ya 36.

Kazi inaendelea. Kuna chanjo inayolenga protini iitwayo RH5, ufunguo ambao merozoiti haiwezi kuingia ndani ya chembe ya damu bila huo, na ambao kimelea hakijaweza kuubadilisha sana. Wengine wanatafuta chanjo itakayoua gametositi ndani ya tumbo la mbu, ambayo aliyechanjwa hanufaiki yeye bali jirani yake. Jaribu kumshawishi mtu kwa hiyo. Siaya pia imejaribiwa kingamwili iliyotengenezwa tayari maabara, hudungwa mara moja ili ikinge kwa miezi kadhaa bila kuungoja mwili ujifunze.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea jirani kijitabu chake, maana alikisahau mezani kwangu. Nilimweleza habari ya gugu maji na ya zile malaria ambazo hazikuja. Alisikiliza huku akipepeta mchele. Alipomaliza aliuliza kama mtoto akiwa na AL mwilini anaweza kudungwa sindano ya nne, nikamwambia hilo amuulize nesi, ila bado muda upo, ni mpaka afikishe miaka miwili. Akaingia ndani, akarudi na kalamu, akaandika tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na mwezi wa sindano ukutani, juu ya swichi ya taa, pale alipoandika pia namba ya tokeni za stima.